Kila Tukisogeza, Inarudi Mwanzo

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa stesheni, upepo umeinua vumbi lote la mtaa wetu wa Ng'ambo na kulimwaga kwenye sufuria za watu, halafu mvua yenyewe imepita pembeni. Joto liko palepale.

Vijana wa kikundi cha wapiga video wameniomba niwaandikie habari za kazi, wazisome watakapokutana. Nilikataa mara mbili. Mimi niliishia darasa la saba, na hata hili daftari langu la kila siku mke wangu akilisoma huwa anacheka mahali ambapo sikukusudia mtu acheke. Lakini nimefanya kazi ya video hapa Tabora tangu enzi za mikanda mpaka hizi za simu, na mwaka huu nimeiacha, na sikuiacha kwa sababu ya uzee. Niliiacha kwa sababu yuko mwanamke aliyepoteza nyumba, na sehemu ya kupotea kwake ni kazi ya mikono yangu. Sehemu kiasi gani, sijui. Nimejaribu kuipima kwa haki, na kila siku kinatoka kipimo kingine. Nitawaeleza, mpime ninyi.

Ila nikianza na hilo moja kwa moja mtadhani kazi yote ilikuwa machungu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa na vichekesho vyake, na vingi nilivifanya mwenyewe.

Aliyenifundisha ni marehemu Bwana Sefu. Alikuwa na deki mbili na kamera moja ya kubeba begani, nzito kama mtoto wa miaka mitatu. Kazi ya kwanza aliyonituma peke yangu ilikuwa sendofu ya binti mmoja kule Nzega. Kamera ile ilikuwa na kitufe kimoja: ukibonyeza inaanza kurekodi, ukibonyeza tena inasimama. Mimi kwa wasiwasi nilibonyeza mara moja zaidi mwanzoni bila kujua. Basi kutoka hapo kila nilipodhani inarekodi ilikuwa imelala, na kila nilipoishusha nipumzike ilikuwa macho. Tulipouweka mkanda kwenye deki tulikuta viatu. Viatu vya shangazi, viatu vya msema chochote wa sherehe, ardhi, kuku, mguu wa meza, viatu tena. Na sauti za watu wakisengenya, maana kamera ikiwa chini watu hujiona huru.

Bwana Sefu aliutazama mkanda ule mpaka mwisho.

“Maganga,” akasema, “hapa bibi harusi ni yupi?”

“Yule wa viatu vyeupe, Bwana.”

“Sawa. Panda basi, kamwambie mama yake miguu imetoka vizuri.”

Alinituma kweli, na nilikwenda kweli. Yule mama alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, nilipomweleza akalia mbele yangu bila kunitukana. Afadhali angenitukana. Tangu siku ile, kila nikiinua kamera natazama alama nyekundu ya kurekodi, na kila nikiishusha naitazama tena. Ninyi simu zenu zinahesabu sekunde kwa maandishi makubwa, na bado nawaona mnarekodi viatu.

Jambo la pili alilonifundisha Bwana Sefu lilikuwa daftari la namba. Deki ilikuwa na namba zinazopanda mkanda ukizunguka. Tukimaliza kazi tulikaa tunatazama mkanda mzima na kuandika: namba hii baba anatoa baraka, namba hii keki, namba hii mjomba amelewa. Mteja akija akasema nataka kumwona mjomba, unapeleka mkanda kwenye namba yake mara moja tu. Ukitafuta kwa kwenda mbele na nyuma unaulegeza mkanda, na kichwa cha deki kinachafuka.

La tatu lilihusu misiba. “Harusi kata unavyotaka,” alisema. “Msiba usikate hata kikohozi. Hujui mtu atakuja kutafuta nini humo.”

Hilo nililishika maisha yangu yote. Nililishika vizuri sana upande wa kutokata. Upande wa kutafuta ndio niliousahau.

Mikanda ilikwisha, zikaja sidii, zikakwaruzika. Zikaja flashi, watu wakazipoteza au wakafuta msiba wa baba yao wapate nafasi ya kuweka muziki. Kisha watoto wa wateja wangu walioko Dar na Mwanza wakaanza kunipigia: mzee, tutumie ile harusi. Faili la saa nne unalitumaje? Nikapata kompyuta kuukuu, ofisi moja ilikuwa inaziondoa. Nikaitia diski kubwa, nikaiweka chini ya meza sebuleni, nikavuta intaneti na ruta. Mke wangu akaifunika kitambaa cha kufuma, juu yake akaweka maua ya plastiki, nami nikawa nayaondoa kila siku kwa sababu kompyuta ilikuwa inahema kwa joto.

Nilitaka kompyuta ile iwe seva. Maana yake ni kwamba faili linakaa kwangu, na mtu popote alipo anafungua kiungo kwenye simu yake na kutazama. Kwenye mtandao nilikuta maelezo ya jinsi ya kuandika programu ndogo ya kutoa mafaili. Nilinakili mstari kwa mstari bila kuelewa nusu yake, kwa vidole viwili, wiki nzima. Siku ilipofanya kazi nilitoka nje nikasimama barabarani. Pale kwa jirani huwa wanasimama wageni wanaotafuta njia ya zamani ya misafara, wanapiga picha mlango wake wa nakshi. Nilitamani mmoja wao anigeukie aniulize na mimi nina nini ndani. Hakuuliza mtu.

Mwanzoni video zilikuwa hazifunguki kabisa, zinazunguka tu. Niligundua baadaye kwamba faili la video lina orodha yake ya ndani, inayosema picha ipi iko wapi, na programu niliyokuwa nageuzia mafaili ilikuwa inaiandika mwishoni. Simu inangoja faili zima lishuke ndipo ione orodha. Ni kama kitabu chenye yaliyomo kwenye ukurasa wa mwisho, na huruhusiwi kufunua mpaka mwenye duka amalize kukukabidhi karatasi moja moja. Iko namna ya kuihamishia orodha mbele bila kuharibu picha, nikaihamisha kwa mafaili yote. Hilo nililifanya vizuri na najisifu nalo, ingawa hakuna aliyewahi kuliona.

Tatizo la pili sikulirekebisha. Video ilikuwa inaanza vizuri, lakini ukivuta kile kidoti cha chini usogee mbele, inazunguka kidogo, halafu inarudi mwanzo. Kila ukivuta, mwanzo. Mtu alikuwa hana njia ya kufika kwenye keki ila kukaa na kungoja keki.

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipoota. Ule ubovu niliupenda. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeona watu wakichukua video ya harusi na kuruka baraka za wazazi, kuruka mawaidha ya shangazi, kuruka utambulisho wa ukoo, moja kwa moja kwenye muziki wajitazame wanavyocheza. Mimi nilikuwa nimesimama juani kurekodi ule utambulisho. Sasa seva yangu ikawa inawakalisha. Nikaandika kwenye ukurasa kwa herufi nyekundu: VIDEO HIZI HUTAZAMWA KUTOKA MWANZO. TUWAHESHIMU WAZEE.

Bibi harusi mmoja alinipigia. “Mzee Maganga, mimi nataka kuona keki tu.”

“Keki utaiona baba yako akimaliza kuongea.”

“Mzee, baba alivyo, hata siku ile tulimkatia maikrofoni!”

“Kwangu haikukatwa. Kaa umsikilize.”

Tulicheka wote wawili. Nilijiona mtu mwenye msimamo.

Aliyenitahadharisha ni Frateri Deo. Wakati ule alikuwa Kipalapala akisoma upadri, lakini kabla ya wito alikuwa amesomea kompyuta. Alikuja kwangu kwa sababu ya video ya jubilei ya bibi yake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Frateri. Karibu.”

“Mzee, hii video kila nikivuta inarudi mwanzo.”

“Ndivyo ilivyo.”

“Hapana mzee, sivyo ilivyo. Ni seva yako haijui kugawa.”

Akaomba karatasi, akachora. Simu ya mtu inapovuta kidoti, alisema, haiombi video nzima. Inaomba kipande: nipe kuanzia hapa mpaka hapa. Seva inayojua kazi inajibu kwa namba mia mbili na sita, maana yake haya, hiki hapa kipande chako. Ya kwangu ilikuwa inajibu mia mbili kavu, maana yake haya, shika yote, na inaanza kumwaga kutoka juu. Simu ikiona hivyo haina la kufanya, inarudi mwanzo.

“Ni kama mtu amekuomba ukurasa wa mia mbili, wewe unaanza kumsomea jalada,” alisema. “Nikurekebishie? Zipo programu za seva za bure zinazojua haya tangu zamani. Unaondoa hii yako, unaweka nyingine. Kazi fupi.”

“Frateri,” nikamwambia, “siku ukiwa padri, utawaruhusu watu waruke mahubiri?”

Alicheka mpaka akashika ukuta. “Mzee, mahubiri yangu wataruka hata bila seva.”

Akaiacha ile karatasi mezani. Hakunilazimisha, na haikuwa kazi yake kunilazimisha. Niliikunja nikaiweka chini ya ruta, maana ruta ilikuwa inayumba.

Sasa nafika kwenye nyumba.

Jirani yetu Ramadhani, seremala, alifariki. Mkewe tunamwita Mama Zuhura. Siku ya kuanua tanga nilirekodi kuanzia sufuria za kwanza mpaka wageni wa mwisho walipoaga, muda wa saa nne na kitu, bila kukata hata kikohozi. Baada ya chakula wanaume walikaa kikao uani, Mama Zuhura akiwa ndani na wanawake wenzake kwa kuwa ameshaingia eda. Katika kikao hicho Idi, mdogo wake marehemu, alisimama akazungumza juu ya nyumba. Kiwanja kilikuwa cha baba yao, na nyumba Ramadhani aliijenga mwenyewe. Idi alitoa ahadi kuhusu shemeji yake kukaa, watu wakaitikia, wakamwombea dua.

Miezi minne na siku kumi zikapita, eda ikaisha. Idi akamwambia Mama Zuhura aanze kujiandaa kurudi kwao Ntalikwa. Mama Zuhura akasema uliahidi nikae. Idi akasema niliahidi ukae mpaka eda iishe. Mama Zuhura alisikia kupitia dirishani, binamu wawili wa Idi walisikia uani, na kila mtu alikuwa na maneno yake.

Niwe mwadilifu kwa Idi. Si mtu mbaya. Alikuwa na mwanawe anayetaka kuoa na hana pa kumweka, na ni yeye aliyemuuguza kaka yake. Na Mama Zuhura alikuwa huru kwenda mahakamani, ila alisema hawezi kushtakiana na watu waliomzika mumewe. Wakakubaliana pande zote wazee watatu wawasuluhishe, mbele yao Mwalimu Kazimoto, mwalimu mstaafu ambaye mtaa wote unamheshimu. Mwalimu akaweka jambo wazi: kama Idi alisema siku zote, mama anakaa. Kama alisema mpaka eda, eda imekwisha.

Mama Zuhura akaja kwangu.

“Kaka Maganga, ile video ipo?”

“Ipo, dada. Nzima.”

“Na pale alipoongea Idi papo?”

“Papo. Saa ya tatu hivi.”

“Basi siku hiyo uje nayo, kaka yangu. Mimi sina shahidi mwingine.”

“Sina haja ya kubeba kitu,” nikamwambia. “Itafunguka kwenye simu ya mtu yeyote palepale.”

Hayo maneno nayasikia mpaka leo. Nilikuwa na flashi tatu kwenye droo. Kuweka faili kwenye flashi na kuitia mfukoni lilikuwa jambo la jana yake, nikiwa nimekaa na chai. Lakini nilitaka Mwalimu Kazimoto na wazee wale waone seva ya Maganga ikifanya kazi. Wala sikujiuliza tutafikaje saa ya tatu. Ukizoea ubovu na kuupa jina zuri, unasahau kabisa kwamba ni ubovu.

Kikao kilianza saa nane mchana, barazani. Mama Zuhura alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nikafungua kiungo kwenye simu ya Mwalimu. Ikafunguka vizuri mno, picha safi: sufuria za pilau, moshi, na mpishi mwenye upawa akipiga kelele, “Leteni sahani!”

“Sogeza mbele,” Mwalimu akasema.

Nikavuta. Ikazunguka. Ikarudi.

“Leteni sahani!”

Nikavuta tena, taratibu, kana kwamba tatizo ni kidole changu.

“Leteni sahani!”

Mara ya tatu mtu mmoja akaguna kicheko. Mara ya nne Idi mwenyewe akasema, “Mzee Maganga, ile pilau tumeshakula!” na baraza zima likaangua. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Mama Zuhura hakucheka. Alikuwa ananitazama mikono.

“Tukiiacha itembee yenyewe,” Mwalimu akauliza, “pale tunapopataka tutafika saa ngapi?”

“Saa kumi na moja, Mwalimu.”

Wazee wakatazamana. Hata hivyo Mwalimu, kwa uungwana, aliiacha itembee. Tulitazama watu wakiosha mikono, watu wakigawa pilau. Kabla hata sahani hazijaenea, bando la simu likakata.

Nikaomba niseme nilichosikia mwenyewe. Nikasema nakumbuka alisema akae, bila mwisho.

“Wewe?” Idi akanigeukia. “Kutwa nzima ulikuwa umefumba jicho moja kama mwenye kibanzi! Ulikuwa unatafuta picha, ulisikia nini?”

Na mimi, vijana, nilisita. Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa natazama mwanga usimpige usoni. Mwalimu akaniuliza, “Unaweza kuapa, Maganga?” Nikasema, “Nadhani alisema hivyo, Mwalimu.” Nadhani! Binamu wale wawili waliapa bila kudhani.

Nikaomba nafasi nikimbie nyumbani nikalete flashi, Mwalimu akasema niwahi kabla ya sala ya alasiri. Nikakimbia kweli, mzee mzima, ndala moja mkononi. Kompyuta ile ilinakili faili kama mtu anayehesabu mchele punje kwa punje.  Nikiwa nimesimama juu ya ile mashine nikasikia adhana ya alasiri.

Niliporudi walikuwa wanasimama, wanakung'uta kanzu.

“Mwalimu, hii hapa. Dakika moja tu.”

Mwalimu Kazimoto akanishika bega. “Maganga, tumeshafunga. Fatiha imesomwa na ndugu wameshikana mikono. Nikifungua tena kwa flashi yako, kesho atakuja mwingine na karatasi yake.”

“Lakini Mwalimu, ukweli umo humu.”

“Umo. Ila uliuweka mahali pasipofikika. Mimi nifanyeje?”

Nimelifikiria jibu lake miezi mingi na sijaona pa kumlaumu. Wazee wakianza kufungua mambo yaliyofungwa kwa fatiha, hakuna atakayewaita tena kusuluhisha. Mama Zuhura aliukunja mkeka wake. Alipopita mbele yangu akasema, “Ahsante kaka kwa kukimbia.” Sijui kama ilikuwa shukrani au kisu. Siku nyingine naisikia hivi, siku nyingine vile.

Alihamia Ntalikwa na watoto wake, kwa kaka yake, kabla ya mwezi kuisha. Mwanawe Idi ameoa na anakaa mle. Wamevunja ukuta wa mbele wakaweka duka la saruji na misumari.

Baada ya kikao niliitazama sehemu ile peke yangu. Idi anasimama, anajifuta macho, na anasema hivi, neno kwa neno: “Shemeji akae humu. Eda ikiisha, akae. Watoto wakikua wakaondoka, akae. Mimi simtoi.” Na palepale anaposema “eda ikiisha”, sinia la glasi linaanguka jikoni, watu wanageuza vichwa, na “akae” ile ya pili inamezwa na kelele ya uani, ingawa maikrofoni yangu iliinasa. Kwa hiyo wale binamu hawakuapa uongo. Walisikia eda, na eda ilitajwa. Naandika hili kwa sababu nilishawaita waongo mbele ya watu, na ninawaomba radhi.

Nikampelekea Idi flashi dukani. Alitazama kwenye laptopu ya mwanawe mpaka mwisho.

“Nilisema mimi hivi?”

“Ulisema.”

Akachezea msumari. “Siku ile nilikuwa na uchungu wa kaka yangu,” akasema. Halafu: “Lakini mzee, fatiha imeshasomwa.” Akanirudishia flashi.

Niliizima seva, ikakaa kimya chini ya maua ya plastiki kwa wiki nyingi. Mwezi uliopita niliichomoa karatasi ya Frateri Deo chini ya ruta. Nikaondoa programu yangu ya vidole viwili, nikaweka ile ya watu wanaojua kazi. Nikafungua kitabu cha kumbukumbu cha seva, kile kinachoandika kila ombi la simu, nikaona mia mbili na sita. Nikavuta kidoti mpaka saa ya tatu, ikaenda saa ya tatu. 

Na tangu hapo, kwa kuwa kitabu kile huandika pia ni kipande gani kimeombwa, naona watu wanavyotazama. Wanaruka baba. Wanaruka shangazi. Wote wako kwenye keki na muziki. Kwa hiyo kuhusu keki nilikuwa sahihi, na kuwa sahihi kuhusu keki hakujanifaa kitu.

Ninyi mnaoanza, sina maneno makubwa. Orodha ya faili iwe mbele. Seva iwe inayojua kugawa vipande. Andikeni namba za mahali, hata kwenye karatasi. Flashi mfukoni, hata kama mnajiamini, hasa kama mnajiamini. Na mteja akilalamika kwamba kitu hakifanyi kazi, msimfundishe adabu.

Leo baada ya ibada nilichukua baiskeli nikaenda Ntalikwa. Nilimkuta Mama Zuhura uani kwa kaka yake, anapepeta karanga.

“Hodi.”

“Karibu, kaka Maganga. Kiti hicho. Mama Neema huko nyumbani hajambo?”

“Hajambo. Dada, nimekuja kukuonyesha kitu.”

Nilimfungulia kwenye simu yangu, kutoka kwenye seva ya nyumbani, sikubeba flashi safari hii, na nilitamani ningekuwa nimebeba. Nikamwambia avute mwenyewe. Akajifuta kidole kwenye khanga, akavuta. Ikaenda. Akamsikiliza Idi mpaka “simtoi”. Uso wake haukubadilika. Akaipeleka nyuma kidogo, akasikiliza tena, mara moja tu.

“Inaruka vizuri,” akasema.

“Ndiyo.”

“Ilikuchukua muda gani kuitengeneza?”

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Ningesema wiki, ningesema ilibidi nisome sana, ningesema vifaa vilitoka Dar. Asingejua.

“Kati ya chai na chakula cha mchana,” nikamwambia.

Akanirudishia simu. Akaendelea kupepeta, maganda yakaruka na upepo, nami nikakaa pale nisijue kama nimeruhusiwa kuondoka. Nilipoinuka aliingia ndani, akatoka na kifuko cha michembe, ya viazi alivyolima na kuvikausha mwenyewe. Nikasema dada hapana. “Mgeni haondoki hivihivi,” akasema. “Mpelekee Mama Neema.”

Jioni tumekula hiyo michembe, imechemshwa na kupondwa na karanga, kwa chai ya rangi. Mke wangu aliuliza nimeitoa wapi, nikamwambia. Aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea. Ilikuwa mitamu. Siwezi kusema vinginevyo.